Tungoje Nyasi

Kabla sijasema lolote kuhusu nyasi, niseme kwanza kwamba mimi si mjinga. Nimezaliwa Nkubu, huko Meru, kwenye kahawa na ng'ombe wa maziwa, na samadi nimeanza kuibeba kwa karai kabla sijajua kuandika jina langu. Mwaka ule kaunti zilipoanza, nilikuja Isiolo kufanya kazi katika ofisi ya maji. Wenzangu walipanga nyumba mjini wakingoja uhamisho. Mimi nilinunua ploti huku Burat, nje kidogo ya mji, nikajenga, na mbele ya baraza nikapanda nyasi. Watu walicheka. Nyasi, Isiolo, mbele ya mbuzi wote hawa! Nikazungushia waya, nikazimwagilia maji ya kuogea, na zikashika. Kwa hiyo atakayesikia yaliyonipata asiseme Kinyua ni mtu asiyejua shamba. Nilijua. Ndiyo sababu sikumuuliza mtu.

Ukame wa mwaka wa elfu mbili na kumi na saba ulizikausha karibu zote. Halafu mwezi wa kumi, mwaka huo huo, mke wangu Kagwiria akapigwa na kiharusi akiwa jikoni anakata sukuma wiki. Upande wa kushoto wote ukalala. Mdomo ulirudi baada ya siku chache, mkono ukarudi nusu, mguu ukakataa.

Ujue Kagwiria ni mtu wa miguu. Kutoka hapa hadi kanisani mjini alikuwa anatembea, na boda boda wakimwita alikuwa anawajibu kwamba pikipiki ni za wagonjwa na wavivu. Nikimkuta kitandani hospitalini, anautazama ule mguu chini ya blanketi, nilikuwa natoka nje kwanza nijikaze, ndipo nirudi.

Huko hospitalini ndiko tulikompata Nakuam, daktari wa mazoezi, Mturkana mrefu mwenye sauti ya chini. Aliniita kando.

"Mzee, sikiza vizuri. Miezi sita ya kwanza ndio ya maana. Kile huu mguu utapata, utapata ndani ya hiyo miezi sita. Kila siku mama atembee, hata kama ni hatua kumi. Kila siku. Baada ya hapo mwili unazoea vile iko."

Nilihesabu kwa vidole palepale. Mwisho wa mwezi wa kumi hadi mwisho wa mwezi wa nne.

Tulianza vizuri. Nilikuwa nimestaafu mwaka huo, sina pa kwenda, na Novemba nzima tulitembea barazani, yeye na fimbo mkono wa kulia, mimi nimemkumbatia kiunoni upande wa kushoto. Hatua nane. Hatua kumi na moja. Krismasi binti yetu Gacheri alikuja kutoka Nairobi, mama yake akatembea mbele yake hatua ishirini na mbili bila kupumzika, na msichana akalia mpaka chai ikapoa.

Wiki ya pili ya Januari simu yangu ililia mfukoni tukiwa katikati ya baraza. Nilitoa mkono mmoja kuishika. Alikuwa mtu asiyenijua, anatafuta Kinyua mwingine. Kagwiria akaenda chini na kidevu, kwenye simiti, na mimi nimeshika simu. Alishonwa nyuzi sita na meno mawili yalipotea. Hakuna aliyenilaumu. Daktari alisema ajali, Gacheri alisema ajali, na Kagwiria mwenyewe, mdomo umevimba, alisema ni simiti ndiyo mbaya.

Siku ya tatu asubuhi aliniambia, "Leta fimbo."

"Bado umevimba."

"Kwani natembea na mdomo?"

Nilikaa karibu naye, nikatazama ule uwanja uliokauka mbele yetu, na wazo likanijia. Lilikuwa zuri kiasi kwamba nilishangaa halikunijia mapema. "Tungoje nyasi," nikamwambia. "Masika yako karibu. Nitatengeneza uwanja wote, utatembea pekupeku mahali laini. Hata ukianguka, ni kama umeanguka kitandani."

"Na mpaka masika?"

"Ni wiki chache tu."

Zilikuwa wiki kumi na moja. Lakini mimi nilizisema kwa sauti ya mtu wa ofisi, na yeye akaiweka fimbo chini.

Nikaingia kazini. Kwanza nilikwangua nyasi zilizokufa kwa reki, rundo baada ya rundo, nikachoma. Halafu nikalima kwa jembe la meno, shubiri moja kwenda chini, nikitoa mawe. Isiolo ina mawe, jamani. Ukitoa moja, chini yake kuna kaka yake mkubwa. Nililima kutoka alfajiri, wakati askari wa kambi ya jeshi ya hapa wanapopita barabarani wakikimbia na kuimba, hadi jua linapokuwa kali, halafu tena jioni. Nilisawazisha kwa ubao. Kagwiria alikuwa anakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya mkeka, akinitazama.

"Leo tujaribu kidogo?" alikuwa anauliza.

"Ngoja kwanza."

Kila siku aliuliza, na kila siku nilikuwa na udongo mikononi.

Ikabaki samadi. Kwetu hakuna anayeandaa uwanja bila samadi, na nzuri kuliko zote ni ya mbuzi, iliyokaa ikakauka. Jirani yangu upande wa pili wa waya ni Halkano, Mborana, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mpole ambaye kila asubuhi hutusalimu "Nagaa?" na sisi tumejifunza kujibu "Nagaa." Nilimwita tukaongea juu ya waya.

"Halkano, mavi ya mbuzi naweza kupata wapi?"

Akacheka. "Mavi ni kitu ya kutafuta? Kwa boma ya ndugu yangu huko Garbatulla iko kama mlima. Sisi hatuna kazi nayo. Unataka ngapi?"

"Nyingi. Ile ya zamani, imekauka kabisa."

"Nyingi," akarudia, akinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. "Sawa, jirani. Lori ikirudi Jumanne itakuletea."

Ilikuja magunia kumi na nane, na hakutaka hata shukrani. Nilifungua gunia la kwanza nikasikia raha moyoni. Nyeusi, kavu, unga mtupu. Nilimpelekea Kagwiria kiganjani anuse, kama tulivyokuwa tukifanya Nkubu. Ndani yake kulikuwa na vijipunje vigumu vya rangi ya kahawia, nikadhani ni changarawe. Nikaimwaga uwanja mzima, unene wa vidole viwili, nikaichanganya na udongo. Pembeni mwa mfereji wa bafu nyasi kidogo zilikuwa zimepona ule ukame; nikazing'oa, nikazikata vipande, nikazipanda kwa mistari, moja moja, nimepiga magoti. Nilimaliza katikati ya mwezi wa tatu.

Siku hizo Nakuam alipiga simu. Yeye huzunguka kaunti nzima kwa pikipiki, na alikuwa mbali huko.

"Mzee, mama anaendelea aje?"

"Vizuri sana."

"Anatembea?"

"Tunaendelea, daktari. Tunaendelea."

Nilipokata simu Kagwiria alikuwa ananitazama. "Tunaendelea wapi?" akauliza, akacheka na ule upande wa mdomo unaocheka. Nilicheka pia.

Mvua ilishuka wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu, na mwaka huo haikuwa mvua ya mchezo. Ilipiga siku nne. Siku ya saba niliamka nikakuta uwanja umekuwa kijani. Nyasi zilikuwa zimechomoza, na katikati yake, kila mahali, mimea midogo yenye majani mawili mawili, minene, mizuri. Nikadhani ni majani ya porini yaliyoletwa na mvua, yale ambayo hufa yenyewe. Nilimbeba Kagwiria na kiti chake mpaka ukingoni.

"Ona!"

Aliona. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Krismasi. Akavua kiatu cha kushoto kwa mkono wake mzima. "Nisimamishe," akasema.

"Zitakatika, Mama Gacheri. Bado changa. Ngoja wiki moja zishike."

"Naweza kuzikanyaga polepole."

"Wiki moja tu."

Akakaa na kiatu mapajani. Nilikuwa nimemkataza mimi mwenyewe, siku ile moja ambayo uwanja ungeweza kumbeba.

Wiki ilipoisha Halkano alirudi kutoka mnadani. Alifika kwenye waya, na kwa mara ya kwanza hakusalimia. Aliinama, akatazama, akapitisha mkono akang'oa mche mmoja, akauweka kiganjani.

"Jirani, hii ulipanda ama ilikuja?"

"Ilikuja. Ni nini?"

"Hii ni mathenge."

Mathenge niliyajua, nani asiyeyajua? Miti ya miiba iliyofunga njia za maji na malisho, ambayo ofisini kwetu tulikuwa tukiiandikia ripoti kila mwaka. Nilijua mti. Mtoto wake sikuwa nimewahi kumwona.

"Imetoka wapi?"

"Kwa mavi." Halkano alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza msiba. "Mbuzi anakula tunda yake, mbegu haifi kwa tumbo, inatoka vile iliingia. Inaweza kukaa hapo miaka ikingoja maji. Hata mtoto wa kwetu anajua."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe uliomba mavi. Mimi nilijua ni ya moshi."

"Moshi gani?"

"Ya kufukuza mbu. Si sisi tunachoma jioni? Nani anachukua mavi anamwaga kwa mlango yake?"

"Magunia kumi na nane, Halkano! Ya mbu?"

"Hata mimi nilishangaa," akasema. "Nikaambia mama ya watoto, hawa watu ya Meru wanaogopa mbu sana."

Kagwiria alicheka barazani hadi machozi yakamtoka. Mimi pia nilicheka, na Halkano naye akacheka kwa aibu. Ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia nyumbani kwangu mwezi ule.

Maana mwiba wa mathenge si mwiba wa kawaida. Ukiingia, unavimbisha, na usipotolewa unaozesha nyama. Na mguu wa kushoto wa Kagwiria ulikuwa hausikii kitu. Nakuam alinionyesha hospitalini, alimchoma na sindano unyayoni na yeye akaendelea kuongea habari nyingine. Mwiba ungeingia Jumatatu, tungeujua Jumamosi kwa harufu. Mahali pale laini nilipomtengenezea pakawa ndipo mahali pekee duniani asipoweza kukanyaga.

Nikaanza kung'oa. Ukivuta mathenge machanga, shina linakatikia mkononi, mzizi unabaki, na baada ya siku tatu yanarudi mawili. Nikachimba kwa ncha ya panga, moja moja. Nilimaliza kona moja kwa siku mbili, mvua ikanyesha, kona ikajaa tena. Nikamwaga maji ya moto. Nikaenda agroveti nikaeleza shida yangu, wakanipa dawa. Nyasi zote zikageuka manjano zikafa, mathenge yakapukutisha majani, yakapumzika siku chache, yakaendelea. Kufikia tarehe ishirini ya mwezi wa nne yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu na yana miiba. Mikono yangu ilivimba nikashindwa kushika kikombe.

Halkano alikuja na jembe lake asubuhi mbili mfululizo, tukachimba pamoja. Siku ya tatu alisimama akafuta jasho.

"Kwetu hatukushindana nayo," alisema. "Tulihamisha boma."

"Mimi nitahamisha nyumba?"

Aliniachia jembe akaenda zake kuswali.

Najua unachotaka kuniuliza. Na baraza? Baraza lilikuwa palepale. Simiti ile ile, fimbo imeegemea ukuta ule ule. Kila asubuhi nilipoinama kwenye ule uwanja nilijua kwamba nyuma yangu kuna mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na siku zake zinaisha. Sikuwa napigania nyasi tena. Nilikuwa naogopa kugeuka.

Siku moja alisema, "Baba Gacheri, achana na hayo majani. Nishike twende hapa hapa kwa simiti."

"Kesho, nikimaliza hii kona."

"Leo."

Nikanawa mikono. Nikamshika kiunoni, akasimama. Mguu ulikuwa umekonda, na ulitetemeka mpaka nikausikia mtetemo ubavuni mwangu. Alipiga hatua moja. Nilitazama uso wake nikaona lile kovu kidevuni, na mikono yangu, siwezi kueleza vizuri, ikalegea. Kabla hajapiga ya pili nilikuwa nimeshamkalisha.

"Sijachoka," akasema.

"Najua."

Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyechoka, ni mimi ninayeogopa, tangu Januari ni mimi. Badala yake nilimuuliza kama anataka chai.

Nakuam alikuja tarehe ishirini na saba, Ijumaa, saa nne asubuhi. Aliegesha pikipiki nje ya geti, akapita kando ya uwanja akiutazama, akaketi kwenye stuli mbele ya Kagwiria. Akamwambia asukume mkono wake kwa unyayo. Akamwambia ainue vidole. Akaukunja mguu, akaunyoosha, akasikiliza goti. Nilisimama nyuma ya kiti.

"Mama," akauliza, "mmekuwa mkifanya mazoezi vile nilisema?"

Nilifungua mdomo. Kagwiria alinitangulia.

"Kila siku," akasema. "Asubuhi na jioni. Baba Gacheri hajaniacha hata siku moja."

Miaka thelathini na minne tumeoana na hajawahi kuniaibisha mbele ya mgeni. Hata nilipokosea waziwazi, hata nilipofoka bure mbele ya wazee wa kanisa, alikuwa anangoja waondoke. Nilijua anachofanya. Na nikashukuru, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Nakuam alishusha pumzi. Akatoa karatasi kwenye mkoba akaitazama kwa muda.

"Basi nitawaambia ukweli, maana sipendi kudanganya watu. Huko Meru kuna mahali wanalaza wagonjwa wiki sita, mazoezi mchana kutwa. Leo napeleka majina, na nilikuwa nafikiria jina la mama. Lakini nafasi ni chache, wanachukua tu wale hawakupata mazoezi nyumbani. Hao ndio mguu inaweza kuamka bado. Kama mama amefanya kila siku miezi sita na mguu iko hivi," alitingisha kichwa, "basi hapa ndio imefika. Nikimpeleka nitakuwa nimenyima mwingine."

Kagwiria hakumtazama Nakuam. Aligeuza shingo, polepole, mpaka akanipata nilipokuwa nimesimama, na akanitazama mimi.

Maneno yalikuwa mafupi. Daktari, hajatembea tangu Januari. Mtoto mdogo angeyasema. Niliyapanga mdomoni, nikaona uso wa Nakuam utakavyobadilika, nikaona Gacheri akipigiwa simu, nikaona watu wakisema Kinyua alimkalisha mke wake miezi minne akilima majani. Nakuam alikunja karatasi.

Alisimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, umejitahidi. Wengine huwa wanaacha mapema."

"Asante," nikasema.

Akamuaga mama, akatembea kando ya mathenge, akafungua geti akatoka. Nilibaki nimeshika mgongo wa kiti. Kagwiria alikuwa amerudisha uso mbele.

"Kwa nini umesema hivyo?" nikamuuliza, na sauti yangu ilitoka na hasira, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Alikuwa anausugua ule mguu kwa mkono mzima, kutoka gotini kushuka.

"Nilikuwa nangoja unikatize," akasema.

Nje ya geti pikipiki ilikuwa inakataa kuwaka. Nilimsikia Nakuam akiipiga teke mara ya kwanza, halafu mara ya pili, halafu akanyamaza, nadhani anafungua petroli. Kutoka barazani hadi getini ni hatua arobaini, na mimi miguu yangu yote miwili ni mizima. Kagwiria hakunihimiza. Mara ya tatu ikawaka.